Tulivyochimbua Jiko la Mama

Kaka yangu hajawahi kuchimba shimo likatoa kitu cha maana. Naanza na hilo kabla sijamsema kwa mengine. Alichimba bwawa la samaki, vyura wakahamia. Alichimba kisima akakiacha nusu baada ya kugombana na aliyekuwa akimvutia ndoo. Kwa miaka miwili alichimba dhahabu na wenzake kwenye shamba la jirani hapo kwetu Malinya, akatoka na kikohozi na buti la mguu mmoja. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne na nilifunzwa kumheshimu. Nimejaribu. Hatupendani, na mama alilijua hilo tangu siku tulizokuwa tukigombania ukoko, yeye akiwa amekaa kando ya sufuria akitutazama.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Jikoni mle wapishi walitoka kila upande, kwa hiyo kazi ilifanywa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kuamrisha: kuni, maji, unga, ondoka njiani. Nyumbani alizungumza Kiluhya kama kila mtu, lakini akikasirika Kiswahili kilimtoka chenyewe. Siku aliyostaafu walimpa blanketi na hotuba. Yeye akachukua jikoni kitu kimoja alichoona ni haki yake, akakibeba begani mpaka nyumbani, wala hakumwomba mtu ruhusa.

Kiharusi kilimpata msimu wa mahindi mabichi. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalala, na maneno yakampotea yote, ya Kiluhya na ya Kiswahili. Hospitalini muuguzi alitueleza kwamba huenda maneno yangerudi moja moja, au yasirudi. Akasema tuanze na uji mwepesi, halafu tukiona anameza vizuri tumrudishie chakula chake polepole. Mimi na kaka tulikuwa tumesimama bega kwa bega alipokuwa akisema. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye kila mmoja wetu alidai kwamba ni mwenzake aliyesikia.

Tukamrudisha Malinya, nyumbani kwake, ambako kaka na mkewe wanaishi hatua chache tu kutoka mlangoni. Mimi nikarudi Amalemba, mjini, ninakopanga na ninakofundisha Kiswahili katika shule ya upili. Nilikuwa nikienda kila Jumapili na boda boda, nimebeba ndizi mbivu na lawama.

Sasa niseme habari za bangili, maana bila hiyo hamtaelewa ni wazimu gani ulitupata. Babu yetu mzaa baba aliwafanyia kazi wazungu waliokuja kuchimba dhahabu upande wetu zamani. Ilisemwa, na baba ndiye aliyelisema zaidi, hasa akishakunywa, kwamba babu alikuta shimoni bangili ya dhahabu ambayo haikuwa ya mzungu wala ya mtu yeyote anayejulikana, bali ya watu wa kale kabisa, akaifunga kitambaa na kuizika mahali fulani bomani. Ilikuwa na laana. Atakayeigusa, mdomo utampinda na ulimi utakufa. Nilipouliza babu mwenyewe aliishikaje bila kupinda mdomo, baba aliniambia maswali kama hayo ndiyo yanayofanya wasichana wakose wachumba. Kaka hakuuliza swali lolote. Aliimeza hadithi nzima nzima, na ndiyo maana mama alipopinda mdomo, sisi wengine tuliona kiharusi, yeye akaona bangili.

Jumanne moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, simu yangu ikalia nikiwa katika chumba cha walimu nasahihisha insha.

"Mwalimu," kaka akasema. Kwa kawaida huniita "wewe". Akiniita mwalimu, ujue ana shida.

"Kuna nini?"

"Mama ameongea."

Nilisimama. Wenzangu wakainua vichwa. "Amesema nini?"

"Amesema mwiko. Wifi yako amempelekea uji asubuhi, yeye akasukuma bakuri na mkono ya kushoto, akasema mwiko. Tukarudisha tena, akasema mwiko, kwa ukari. Na anaonyeshanga jiko yake ya zamani kwa dirisha. Sasa wewe ndiye unajua hii Kiswahiri ya vitabu. Mwiko ni nini? Si ni ire ya kusongea ugari?"

Nitaandika nilichomjibu kama nilivyomjibu, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi na sioni njia ya kukipamba.

"Hicho ni Kiswahili cha jikoni," nilimwambia. "Mwiko ni jambo lililokatazwa. Kitu kisichofaa kuguswa, kuliwa wala kutendwa, na anayekiuka hupatwa na mabaya." Nikampa na mifano miwili katika sentensi, kwa sauti, ili na wenzangu wasikie.

Akarudia polepole: "Kisichoguswa."

"Ndiyo."

"Na mwenye anagusa anapatwa na mabaya."

"Ndiyo, nimeshasema."

"Na huo uji sasa?"

"Kama amesema ni mwiko kwake, msimlazimishe. Mama ni mtu wa kufunga na kuomba. Muacheni."

"Asante, mwalimu," akasema. Kaka yangu alikuwa hajanishukuru tangu nizaliwe. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikata simu nikiwa nimevimba kichwa, nikarudi kwenye insha na kalamu yangu nyekundu.

Jumamosi jirani mmoja alinipigia, mama mtu mzima ambaye hufurahia sana kuwa wa kwanza kutoa habari. "Njoo uone boma yenu," akasema. "Leo hakuna mtu ameenda kutazama fahari. Wote wako kwenu." Ilikuwa kweli. Kulikuwa na ng'ombe wawili wamepangiwa kupigana asubuhi hiyo uwanjani, na watu wa Malinya, ambao wanaweza kuacha mazishi kwa ajili ya fahali, walikuwa wamewaacha fahali na kuja kusimama kwenye ua wetu.

Boma lilikuwa limetobolewa kila mahali. Shimo kwenye njia ya choo, shimo chini ya mpera, shimo pale mama alipokuwa akianika mahindi. Katikati alisimama mwanamume niliyekuwa sijawahi kumwona, amevaa koti jeupe la daktari, miwani myeusi na gambuti, mkononi ameshika mpini mrefu wenye sahani ya chuma mwishoni. Kuku mweupe alikuwa amefungwa miguu kando ya begi lake. Kaka alinitambulisha kwa fahari: huyu ni mtaalamu kutoka Matete, na hii ni mashine ya kunusa dhahabu.

"Karibu, madam," mtaalamu akasema. "Vua viatu."

"Kwa nini?"

"Kitu ya antiki haipendi viatu. Ukivaa inazama chini zaidi."

"Wewe mbona umevaa gambuti?"

"Mimi ni sababu za kiufundi."

Nikapita nikamwacha. Mama alikuwa ameketishwa barazani, kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili, anatazama ua wake ukigeuzwa machimbo. Nilikuwa nimemwona Jumapili iliyopita, si hata juma moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa mwembamba hata saa yake ilikuwa imeteleza karibu na kiwiko.

"Amekula nini?" nikamuuliza wifi, aliyekuwa ameegemea nguzo na bakuli la uji.

"Anasemanga mwiko."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo Jumanne. Chai na maziwa ndiyo anakubari, na ndizi kidogo yenye ulireta. Uji hataki kuona." Akaniangalia sawasawa. "Si wewe ulisema tusimrazimishe?"

Nilimchukia wakati huo. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli, na alisema mbele ya watu. Nikamnyang'anya bakuli, nikachota uji, nikaupeleka mdomoni mwa mama kwa maneno ya kubembeleza. Mama alikipiga kijiko kwa kofi, uji ukaniingia kwenye blauzi.

"Mwiko!" akasema. Halikuwa neno la mgonjwa. Lilikuwa ni lile la jikoni, la kuamrisha, na macho yake yaliniangalia kwa dharau niliyoijua vizuri, ile aliyowatazama nayo wasaidizi wapya waliotia unga kabla maji hayajachemka.

"Umeona?" kaka akasema nyuma yangu. "Hii kitu imemfunga mdomo. Hatakura mpaka itoke. Tukichelewa atatufia hapa."

Mimi siamini laana. Nimesema hivyo darasani, kanisani na barabarani. Lakini nilikuwa naliamini neno, maana nilikuwa nimeliundia maana mwenyewe, na mama alikuwa akikonda mbele ya macho yangu nami sikuwa na wazo jingine. Nikaenda kando, nikavua viatu. Sitasahau jinsi mtaalamu alivyotabasamu.

Kulikuwa na masharti mengine pia. Hakuna kupiga mluzi. Hakuna kutaja bangili kwa jina lake. Iitwe mgeni, isije ikasikia ikakimbia. Na kuku mweupe alikuwa wa kumkaribisha mgeni huyo akitokea. Basi asubuhi nzima nikawasikia watu wazima wakisemezana: mgeni yuko huku, mgeni amelala kifudifudi, mgeni anapumua. Mashine ikilia kidogo, umati wote ulisogea. Ikilia sana, kaka alitema mate mikononi na kuinua sururu.

Ilitoa kifuniko cha sufuria. Ikatoa vyuma vya mwavuli, mnyororo wa baiskeli ya baba, betri za redio zilizooza, na msumari mmoja mrefu ambao mtaalamu alidai ni mkuki wa watu wa kale uliopunguzwa na kutu. Ikatoa vijiko sita vyenye muhuri wa shule aliyokuwa akipikia mama, vimefungwa pamoja kwenye karatasi ya nailoni. Watu walicheka. Mama, barazani, aligeuza uso upande mwingine.

"Mtaalamu," nikamwambia, "mashine yako inajua tofauti ya dhahabu na kijiko?"

"Madam, raana inachanganya mitambo."

"Laana."

"Hiyo hiyo."

Ilipofika karibu saa sita, kaka akatamka kile nilichokuwa nikikiogopa. Mama amekuwa akionyesha jiko, tumechimba kila mahali ila jikoni, basi mgeni yuko jikoni. Jiko la mama ni kibanda cha udongo kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba. Ndani kuna mafiga matatu, na juu ya mafiga kuna dari ya fito ambapo hukaa mbegu za mahindi ili moshi uzikinge na wadudu. Tulilelewa mle. Mama hakuwahi kukubali gesi wala makaa, na tangu augue moto haukuwa umewashwa humo. Wifi hupikia kwake.

Kaka alipoingia na sururu, mama alipiga ukelele. "Mwiko! Mwiko!"

Umati ukarudi nyuma hatua moja. Mtaalamu akavua miwani kwa heshima. "Sasa iko karibu sana," akasema.

Nilimfuata kaka ndani. Alikuwa ameinama kuling'oa figa la kwanza.

"Usiguse mafiga," nikasema.

"Rudi nyuma, mwalimu."

"Nasema usiguse. Chimba kwako. Chimba chini ya kitanda chako."

"Mama anakufa na wewe unatetea mawe?"

"Wewe ulichimba nini maishani kikatoka? Hebu nitajie kitu kimoja. Hata muhogo."

Akasimama, jasho linamchuruzika kwenye masizi. "Na wewe," akasema, "uriwahi kuzaa nani?"

Mlango ulikuwa umejaa vichwa. Kwetu neno hilo husemwa nyuma ya mgongo wa mtu; yeye alinitupia usoni, mbele ya majirani, ndani ya jiko la mama yetu. Nilitamani kumpiga. Nilitazama hata huku na huku nitafute cha kumpigia. Sikuona kitu, nikatoka nikasimama kwenye jua, miguu mitupu, na sikumzuia tena.

Aling'oa mafiga yote matatu. Akachimba mpaka magotini. Majivu ya miaka mingi yaliruka mpaka nje. Mtaalamu akapitisha sahani yake humo ndani na mashine ikaanza kulia kuliko ilivyolia siku nzima, mfululizo, hasa ikisogezwa kwenye nguzo iliyobeba dari. Mtu yeyote aliyekulia mle angewaambia kwamba nguzo hiyo ilifungwa waya, mizunguko mingi, na baba, mwaka ilipopasuka. Mimi nilijua. Sikusema. Nilikuwa nimenuna.

"Chini ya nguzo!" mtaalamu akapaza sauti. "Mgeni ameketi chini ya nguzo!"

Kaka akachimba chini ya nguzo.

Nguzo iliinama taratibu, kwa adabu, kisha dari yote ikashuka. Yalishuka masizi, mahindi ya mbegu, ungo, chungu, kiota cha panya na panya wenyewe. Mwisho kabisa kikashuka kitu kirefu cheusi, kikampata kaka katikati ya utosi. Sauti yake tuliisikia wote. Ko.

Vumbi lilipotulia, kaka alikuwa ameketi shimoni, mweusi tititi, ameshikilia kichwa. Kitu hicho kilikuwa kimelala magotini pake. Mtaalamu akachungulia kutoka mlangoni, alikokuwa amekimbilia.

"Ni mgeni? Ni dhahabu?"

Kaka akakipangusa kwa kiganja. Ulikuwa ule mwiko wa shule, wa kusongea ugali wa bweni zima, unaomfika mtu mzima begani. Ule alioubeba mama kutoka kazini siku aliyostaafu. Alikuwa ameuweka darini ukauke na moshi, na sisi sote tulikuwa tumeusahau. Ulikuwa wa mti mtupu. Mashine ile ingepita juu yake mwaka mzima bila kulia.

"Ni mwiko," kaka akasema. Kisha sauti yake ikabadilika. "Nimepigwa na mwiko."

Lazima nieleze. Tulivyolelewa sisi, mwanamume hapigwi kwa mwiko. Mpige kwa fimbo, kwa kiatu, kwa sufuria ukitaka, lakini mwiko ukimgusa ameharibikiwa: mambo yake hayataendelea tena mpaka wazee wamtengeneze. Ni mwiko kumpiga mwanamume kwa mwiko, na hapo maana zote mbili za neno zinakutana, jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili angeweza kuliwaza siku nne mapema.

Majirani waliingia kwenye mjadala papo hapo. Wengine walisema haihesabiki kwa sababu hakuna mwanamke aliyeushika. Wengine wakasema jiko ni la mwanamke, kwa hiyo ni kama ameushika. Yule mama aliyenipigia simu akauliza kama nilikuwa karibu na mwiko nilipogombana na kaka, na kama nilikuwa nimewaza vibaya. Nikamjibu kwamba nimewaza vibaya sana. Kaka alikuwa akitazama uso mmoja baada ya mwingine kutoka shimoni, na kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto nikaona anaogopa kweli. Mtaalamu alisema kesi hii sasa ni kubwa kuliko mashine yake. Hakuna aliyemwona akiondoka. Kuku mweupe pia hatukumwona tena.

Hapo ndipo nikasikia sauti barazani. Nilidhani mama anapaliwa, nikakimbia. Alikuwa anacheka. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umetulia vilevile, upande wa kushoto ndio uliokuwa ukicheka, machozi yanamtoka jicho moja. Akanyoosha mkono kuelekea jikoni, akafungua na kufumba vidole.

Nikarudi, nikamnyang'anya kaka mwiko, nikamletea mama na kuulaza magotini pake. Aliushika kwa mkono wa kushoto, karibu na bapa. Kwanza aliusukumia ubapa wake kwenye bakuli la uji lililokuwa juu ya kigoda, uji uliopoa, wenye utando, akaliangusha chini. Halafu akausimamisha mwiko hewani mbele yake na kufanya kazi aliyoifanya maisha yake yote: akausukuma, akaukandamiza, akaugeuza. Akafanya tena. Akaniangalia.

"Mwiko," akasema, polepole sasa, kwa kunihurumia.

Nilikaa chini kwenye saruji. Siku nne. Mtu aliyekuwa anameza ndizi bila shida, ambaye maneno yote yalikuwa yamemwacha, hata obusuma, jina la ugali kwa lugha ya kwao, hakuweza kulitamka, alikuwa ameokota neno moja la kazini kwake na kutuambia nalo, kila asubuhi na kila jioni, kwamba ana njaa na hataki uji. Na mimi nililichukua neno hilo, nikalisafisha, nikalipigia mstari, nikamnyima nalo chakula. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Mpaka leo nikiandika neno hilo ubaoni mkono wangu husita.

"Anataka ugali," nikasema bila kumtazama mtu.

Kaka alikuwa amefika nyuma yangu, anadondosha masizi. "Si nirikwambia?" akasema. "Nirikwambia kwa simu. Ire ya kusongea ugari."

Alikuwa amesema kweli. Katika yote aliyonitendea siku ile, na alinitendea makubwa, hilo ndilo gumu zaidi kumsamehe.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika. Majirani wakatawanyika wakikumbuka fahali. Nilibeba mafiga mwenyewe, moja moja, nikayapanga chini ya upenu karibu na kiti cha mama, maana jiko lilikuwa halina tena mahali pa kuyaweka. Wifi alileta unga, maji na mrenda uliobaki tangu mchana, akaviweka karibu na mafiga. Hatukuombana radhi.

Mimi hupika kwa gesi, sufuria ndogo, ugali wa mtu mmoja. Nilisonga ule wa mama kwa mwiko wenye urefu wa nguzo, sufuria inaruka huku na huku, moshi unaniingia machoni, naye akinitazama kila nilipogeuza. Nilipoona umeshikana nikaupakua. Nilitaka ale upesi. Nikakata tonge dogo, nikalichovya kwenye mrenda ulioteleza vizuri, nikamwekea kiganjani.

Alilitia mdomoni mwenyewe. Akatafuna kwa upande mzima, polepole. Kaka alikuwa amesimama kando, ameshika kichwa chake kilichovimba, na sote watatu, pamoja na wifi, tulikuwa tunalitazama koo la mama.

Mama akaacha kutafuna. Akalitema tonge mkononi, akaligeuza, akanionyesha unga mbichi uliokuwa katikati.

"Mwiko," akasema.

Nikaurudisha ugali kwenye sufuria, na sufuria motoni. Kaka akachuchumaa upande wa pili bila kuambiwa, akaishika masikio kwa vitambaa isiyumbe, nami nikasonga.